Kinachokula na Kinacholiwa: Uhakiki wa Msamiati wa Kiingereza wa Msuguano na Athari Zake katika Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Kiingereza kina kundi kubwa la maneno yanayotaja kupunguzwa, kuchubuliwa au kuudhiwa kwa kusuguliwa: "abrade", "erode", "chafe", "fret", "gall", "grate", "attrition" na mengine. Makala haya yanahakiki kundi hilo kwa mtazamo wa mtafsiri na mwanaistilahi wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba tofauti kati ya maneno haya imetokana na historia na mazoea ya fani, na kwamba mengi yao yana tabia ya kumficha mtendaji. Visawe vinavyotafutwa neno kwa neno hupoteza tofauti ya kifani na wakati huohuo hurithi ufichaji huo. Makala yanapendekeza istilahi zijengwe juu ya vitenzi vya Kiswahili na minyambuliko yake, ambayo humlazimu mwandishi kuamua kama anamtaja mtendaji au la.

1.0 Utangulizi

Ripoti za mazingira, fomu za ridhaa za utafiti wa kitabibu, mitaala ya jiografia na mipango ya rasilimali watu zina jambo moja linaloziunganisha: zote hutumia lugha ya kulika. Udongo hulika, meno hulika, idadi ya washiriki hupungua, watumishi huondoka, imani ya wananchi huchakaa. Katika Kiingereza kila hali kati ya hizi ina neno lake, au neno moja linalotumiwa kwa maana mahususi. Tafsiri za Kiswahili, kwa upande mwingine, zimezoea kulitwisha neno "mmomonyoko" karibu mzigo wote. Lilianza na udongo, likaenda kwenye maadili, na sasa linasomeka hata katika mijadala ya demokrasia na taasisi.

Si kwamba Kiswahili kina uhaba wa maneno. Kusugua, kuparuza, kukwaruza, kukwangua, kuchubua, kuchuna, kukuna, kusaga, kumega, kubandua, kutafuna, kumomonyoa, kulika, kuchakaa na kukereketa ni sehemu tu ya hazina iliyopo. Tatizo liko katika mbinu. Tangu kamusi za Johnson za mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996, muundo mkuu umebaki uleule: kidahizo cha Kiingereza, kisha visawe vilivyotenganishwa kwa koma. Muundo huo unamfaa msomaji anayetaka kuelewa sentensi moja. Haumfai mwandishi wa sera anayetaka kujua ni kisawe kipi kinasema nani anamfanya nini nani.

2.0 Maneno jirani, asili tofauti

Mtafsiri akiyaona maneno haya yamepangwa pamoja, hudhani ni visawe vyenye vivuli tofauti vya ukali. Historia inaonyesha vingine.

"Abrade" limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukwangua au kunyoa. Ukoo wake ni mmoja na neno la wembe, "razor", na la kufuta, "erase". Ndani yake mna zana ngumu inayopita juu ya uso laini. "Erode" na "corrode" yametokana na kitenzi cha kutafuna, ambacho pia kilizaa jina la wanyama wagugunaji, "rodent". Hapa pana meno. "Attrition" limetokana na kitenzi cha kusugua na kusaga kilichozaa "trite", yaani kauli iliyochakaa kwa kutumiwa mno, "detriment", yaani hasara, na "contrite", yaani mwenye moyo uliopondeka. Hata "tribulation" ni wa ukoo huo, kwa kupitia jina la chombo kizito cha Warumi kilichoburutwa juu ya nafaka ili kuipura. Kiswahili kilipohitaji neno la maana hiyo kilichukua "dhiki" kutoka Kiarabu, lugha ambamo wazo la msingi ni wembamba wa nafasi. Mzungumzaji wa lugha moja hupurwa, wa lugha nyingine hubanwa. Kilio ni kilekile.

"Chafe" linashangaza zaidi. Limepitia Kifaransa cha kale kutoka katika maneno ya Kilatini yenye maana ya kupasha joto. Kwanza lilikuwa kupasha mwili joto kwa kuusugua, kisha kusugua hadi ngozi iume, na hatimaye kukereka moyoni. Mtafsiri wa Burundi au Kongo aliyesoma kwa Kifaransa yuko karibu na asili hiyo kuliko mwenzake wa Nairobi, kwa kuwa anakijua kitenzi "chauffer", na neno "chauffeur", ambalo Wakongo wengi hulitumia kwa dereva, ni binamu wa "chafe".

"Fret", ambalo leo humaanisha kuhangaika moyoni, lilikuwa katika Kiingereza cha kale kitenzi cha kula, hasa kwa mnyama, na lina ndugu katika Kijerumani, "fressen". Nondo alikuwa akiifanyia nguo tendo hilo. Kutu ilikuwa ikikifanyia chuma tendo hilo. Mzungumzaji wa kawaida wa Kiingereza amekwisha kuisahau picha hiyo. Mzungumzaji wa Kiswahili bado anayo: nondo wamekula nguo, kutu imekula bati, bahari imekula ufuo. Kile ambacho Kiingereza kinahitaji mwanahistoria wa lugha kukifukua, Kiswahili kinakisema sokoni kila siku.

"Gall", kwa kidonda kinachotokana na kusuguliwa na matandiko au hatamu, linaandikwa sawa na neno la nyongo. Afisa mifugo anayetafsiri mwongozo wa kutunza punda, akitegemea kisawe cha kwanza cha kamusi, anaweza kumtafuta nyongoni mnyama ambaye kidonda chake kiko mgongoni. Na "irritate", ambalo wengi wangeliweka katikati ya kundi hili, asili yake ni kuchokoza wala si kusugua.

Funzo la historia hii si kwamba mtafsiri afuate asili ya kila neno. Asili haiamui maana ya leo. Funzo ni kwamba ujirani wa maneno haya katika Kiingereza ni ajali ya kihistoria, na hakuna sababu ya Kiswahili kuuiga ujirani huo.

3.0 Neno moja, fani nyingi

Pale ambapo historia imeacha maneno mengi yanayokaribiana, fani za Kiingereza zimeyagawana kwa makubaliano. Mfano ulio wazi zaidi ni wa tabibu wa meno. Katika fani hiyo, "attrition" ni kupungua kwa jino kwa kusuguana na jino jingine, kama kwa mtu anayesaga meno usingizini. "Abrasion" ni kupungua kwa jino kwa kitu cha nje, kama mswaki mgumu unaotumiwa kwa nguvu. "Erosion" ni kupungua kwa jino kwa asidi isiyotokana na bakteria, kama ile ya soda, ya ndimu au ya tumbo inayopanda mdomoni.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua ushauri. Wa kwanza huhitaji kinga ya kuvaa usiku; wa pili hubadilishiwa mswaki na namna ya kupiga mswaki; wa tatu huambiwa apunguze vinywaji vikali na asipige mswaki mara tu baada ya kuvinywa, maana uso wa jino huwa umelainika. Kipeperushi kinachosema tu "meno yako yamelika" kimesema kweli na hakijamsaidia mgonjwa. Hajui aache nini: kusaga, kusugua au kunywa. Ilhali Kiswahili kina uwezo wa kusema bila kuunda neno hata moja jipya: meno yanasagika, meno yanakwanguliwa na mswaki, meno yanaliwa na asidi.

Jiografia ya pwani ina mgawanyo unaofanana na huo. Wimbi linaporusha changarawe dhidi ya mwamba, Kiingereza husema "abrasion". Mawe yanapogongana yenyewe kwa yenyewe hadi yakawa mviringo, husema "attrition". Tofauti ni kwamba katika tendo la kwanza kuna anayetenda na anayetendwa, na katika la pili wote wanatendana. Kauli ya kutendana ya Kiswahili, yenye kiambishi -an-, imeumbwa kwa ajili ya tofauti hiyo hasa: changarawe hukwangua mwamba, mawe hukwanguana. Kitenzi "kusagana" kingefaa kwa umbo, lakini maana yake ya mitaani ingemkosesha mwalimu utulivu darasani. Nalo hilo ni jambo la kuzingatiwa na mwanaistilahi, kwa sababu istilahi inayochekwa haifundishiki.

Wahandisi wa mitambo wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 1966 kamati iliyoongozwa na Peter Jost nchini Uingereza ilitoa ripoti iliyoitambulisha taaluma ya msuguano, ulikaji na ulainishaji kwa jina "tribology", lililoundwa kutokana na neno la Kigiriki la kusugua. Ripoti ilikadiria kwamba viwanda vya nchi hiyo vingeweza kuokoa takriban pauni milioni 515 kwa mwaka kwa kuishughulikia elimu hiyo ipasavyo. Katika fani hii hata "fret" limerudishwa kazini: ni kulika kwa vyuma viwili vilivyobanwa pamoja vinapotikisika kidogo sana, na kwa chuma cha pua dalili yake ni unga mwekundu kama kutu penye maungio. Maneno yaliyokuwa ya nondo, ya farasi na ya toba yamegeuzwa kuwa istilahi kwa makubaliano ya watu waliohitaji kutofautisha sababu za hasara.

4.0 Mtendaji aliyefichwa

Hapa ndipo uhakiki unapogusa sera. Vitenzi vingi vya kundi hili katika Kiingereza havibadiliki umbo vinapotumika na mtendaji au bila mtendaji. "Erode" ni kumomonyoa na ni kumomonyoka. "Chafe" ni kuchubua na ni kuchubuka. "Fret" ni kula na ni kulika. Nomino zake huzidisha utata: "erosion" na "attrition" haziulizi nani.

Safari ya "attrition" inaonyesha gharama ya ukimya huo. Katika teolojia ya Kikatoliki, neno hili lilitumika kwa majuto yasiyo kamili, na Mtaguso wa Trento ulilijadili mwaka 1551 ukilitofautisha na majuto kamili. Baadaye likatumika kwa vita vya kuchoshana, ambavyo mapigano ya Verdun ya mwaka 1916 ndiyo mfano wake unaotajwa sana. Leo ni neno la ofisi. Watafiti hulitumia kwa washiriki waliojitoa kabla utafiti haujaisha. Wapangaji wa elimu kwa wanafunzi walioacha shule. Idara za utumishi kwa wafanyakazi walioondoka na nafasi zao zisijazwe.

Katika matumizi ya mwisho, picha ya msuguano inafanya kazi ya kisiasa. Jiwe la mtoni halijiuzulu, wala hakuna aliyelifukuza; limepungua tu kwa wakati. Hospitali ikisema imepoteza wauguzi kwa njia hiyo, msomaji haongozwi kuuliza kama mshahara ulichelewa, kama zamu zilikuwa ndefu kupita kiasi, au kama nafasi ziliachwa wazi kwa makusudi. Mtafsiri anayeandika "mmomonyoko wa watumishi" ameuhamisha ufichaji huo mzima mzima hadi katika Kiswahili, na kuuongezea heshima ya istilahi. Mtafsiri anayeandika "watumishi wanaoacha kazi", "watumishi wasiorudishiwa nafasi" au "wanafunzi wanaokatizwa masomo" amelazimika kuchagua. Na kwa kuwa amechagua, anaweza kuulizwa.

Hoja hii haimaanishi kwamba Kiswahili hakina hatia. Kauli ya kutendeka humficha mtendaji kwa urahisi uleule: udongo umemomonyoka, maadili yamemomonyoka, fedha zimelika. "Mmomonyoko wa maadili" ni kirai kilichozaliwa ndani ya Kiswahili cha hotuba, na kinafanya kilekile kinachofanywa na neno la ofisi la Kiingereza: kinaomboleza hasara bila kumtaja mla. Tofauti ni kwamba Kiswahili huacha alama ya uamuzi huo katika umbo la neno. Momonyoa, momonyoka, momonyolewa. Chubua, chubuka, chubuliwa. La, lika, liwa. Mhariri makini anaweza kuiona -k- na kuuliza kwa nini haikuwa -w-, na baada ya -w- neno "na" linamsubiri mtendaji. Mhariri wa Kiingereza hana kipini cha kushika.

Hekima ya methali za Kiswahili imelijua jambo hili siku nyingi. "Bandu bandu huisha gogo" inataja namna hasara ndogondogo zinavyomaliza kitu kikubwa, na kila bandu lina mkono ulioshika shoka. "Kikulacho ki nguoni mwako" inakwenda moja kwa moja kwa mla na kumtaja aliko.

5.0 Msuguano unaojenga

Kosa la pili la visawe vya moja kwa moja ni kudhani kwamba sitiari za msuguano huelekea upande mmoja katika lugha zote. Katika Kiingereza, mwelekeo wenye nguvu ni wa hasara na karaha: kilichosuguliwa kimepungua, na anayesugua anaudhi. Mtu mkali wa maneno huitwa "abrasive". Sauti isiyopendeza husemwa kuwa "grating". Ni kweli kwamba "polish" na "refine" huelekea upande wa sifa, lakini hayo ni maneno ya matokeo mazuri tangu awali.

Kiswahili kimechukua matendo yaleyale makali na kuyatoa upande wa pili. Kukuna ni tendo la mbuzi ya nazi na la kucha kwenye ngozi. Lakini jambo lililomkuna mtu limempendeza na kumgusa. Kukereketa ni hali ya koo lililowasha. Lakini mkereketwa wa chama ni mfuasi mwenye ari, ambaye jambo hilo halimpi usingizi. Msasa, uliopata jina lake kwa mti wenye majani ya kukwaruza, unakwangua mbao. Lakini walimu waliopigwa msasa wamepata mafunzo. Mtafsiri anayeandika kwamba mwanasiasa mwenye ulimi mkali "ana msasa" kwa kuliiga neno la Kiingereza atakuwa amemsifu bila kukusudia.

Mfano wenye uzito zaidi ni "sugu", linalokaribiana na "sugua" kwa umbo na kwa maana. Ngozi iliyosuguliwa kwa muda mrefu na mpini wa jembe haiishi, inakuwa ngumu. Kutoka hapo neno limekwenda kwa mtu asiyesikia la mtu, kwa ugonjwa usiotibika kwa urahisi, na hatimaye kwa "usugu wa dawa", istilahi iliyokubalika ya vimelea visivyouawa na dawa iliyokuwa ikiviua. Kiingereza hutumia hapo neno la kukaa kinyume au kupinga, ambalo humchora adui anayepigana. Neno la Kiswahili linasema zaidi: linataja kwamba ugumu umetokana na kugusagusa mara kwa mara bila kumaliza kazi. Ndiyo maana halisi ya dozi zisizokamilishwa. Afisa afya anayemweleza mgonjwa kwa nini amalize vidonge vyake ana, ndani ya istilahi yenyewe, nusu ya maelezo. Ingekuwa hasara kama istilahi hiyo ingeundwa kwa kufuata picha ya Kiingereza.

6.0 Athari kwa uundaji wa istilahi

Mfano wa kufuatwa umo ndani ya isimu yenyewe. Konsonanti kama f, s na sh huitwa katika Kiingereza kwa neno lililotokana na kitenzi cha Kilatini cha kusugua, kwa kuwa hewa husikika ikisugua mwanya mwembamba. Wanaisimu wa Kiswahili hawakuziita sauti za msuguano. Waliangalia kinachotokea kinywani, wakaona hewa inakwamizwa, wakaziita vikwamizwa, au vikwamizo katika baadhi ya vitabu. Istilahi haikufuata neno; ilifuata tendo. Hakuna mwanafunzi aliyepotea kwa sababu picha ya Kilatini iliachwa.

Kwa msingi huo, makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila istilahi ya kundi hili ianze kwa kitenzi na ijibu maswali manne kabla ya kupata nomino: nini kinatenda, nini kinatendwa, kwa njia gani, na kinabaki nini. Maswali haya yangeonyesha mara moja kwamba "attrition" ya meno, ya mawe na ya watumishi ni matendo matatu, yanayostahili majina matatu.

Pili, orodha za istilahi za sekta mbalimbali zisiandaliwe kila moja peke yake. Matabibu, wanajiografia na wahandisi wakifanya kazi katika vyumba tofauti, kila mmoja atachukua "mmomonyoko" au "msuguano" kwa kuwa ndiyo maneno ya kwanza kufika akilini. Msuguano tayari una kazi mbili nzito, ya fizikia shuleni na ya mivutano ya kisiasa magazetini. Kuuongezea ya tatu ni kuudhoofisha. Jukumu la kuoanisha linaiangukia Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na mabaraza ya kitaifa kama BAKITA na BAKIZA, na lina uzito zaidi sasa ambapo Rwanda imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi na nyaraka za Jumuiya zinatafsiriwa na watu waliolelewa ama katika Kiingereza ama katika Kifaransa.

Tatu, miongozo ya uhariri wa nyaraka za serikali iwe na kanuni ndogo juu ya kauli ya kutendeka. Si lazima kuipiga marufuku. Inatosha kumtaka mwandishi aliyeandika kwamba kitu kimelika, kimemomonyoka au kimepungua, aonyeshe mahali pengine katika waraka huohuo ni nini au nani aliyekila. Palipo na mvua, aiandike mvua. Palipo na uamuzi wa ofisi, auandike uamuzi.

7.0 Hitimisho

Msamiati wa Kiingereza wa msuguano ni tajiri, lakini utajiri wake ni wa mabaki: maneno ya nondo, ya wembe, ya chombo cha kupuria na ya joto la mwili, ambayo fani zimeyagawia kazi mpya. Kuyapatia kila moja kisawe kimoja ni kutafsiri mabaki hayo na kuyaacha matendo yenyewe. Kiswahili kina vitenzi vya matendo, kina minyambuliko ya kuonyesha nani anatenda, nani anatendwa na wapi wanatendana, na kina sitiari zake zinazojua kwamba kusuguliwa hupunguza, hulainisha na hukomaza. Mwanaistilahi anayeanzia hapo atawapa mgonjwa, mwanafunzi na mshauri wa sera maneno yanayowawezesha kuuliza swali linalostahili kufuata kila habari ya hasara: kimeliwa na nini?